Viatu Nilivyosema Viko Sawa

Tekla alikuja Dar mwezi uliopita kumwoza binti yake, akafikia kwangu Mabibo badala ya kwa ndugu zake, na kwa siku nne nikalala chumba kimoja na mtu ambaye kwa miaka ishirini na saba nimekuwa nikimpigia simu kila sikukuu, Krismasi yake na Idi yangu, bila kumwambia jambo moja. Amenenepa, anavaa miwani, na magoti yanamsumbua akipanda ngazi. Bado analala chali, mikono kifuani, kama alivyokuwa akilala kule Kinondoni, na siku ya kwanza nilipomwona hivyo nilitoka nje nikajifanya naanua nguo. Sitaeleza nilikotoka wala alikotoka yeye. Hayo yana watu wake wa kuyasimulia. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, na ndani ya mwaka huo jozi moja ya viatu vya gofu, kwa sababu mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuvipima na mimi ndiye niliyesema viko sawa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nikifanya kazi katika chumba cha viatu cha klabu moja ya gofu. Chumba kilikuwa na dirisha moja dogo, rafu hadi darini, na harufu ya ngozi, rangi ya viatu na soksi za watu wazito. Mkuu wangu alikuwa Mzee Lukas, Mmakonde wa Newala aliyewahi kuchonga vinyago kabla macho hayajaanza kumsumbua. Kwa mikono ileile sasa alichonga kalibu za mti za kutanulia viatu vinavyobana, na kila mwanachama mwenye kidole kilichopinda alikuwa na mguu wake wa mti pale rafuni, umeandikwa jina kwa kalamu ya wino. Mimi nilikuwa na mguu wangu halisi. Ni namba tano, mwembamba, hauna sugu wala kidole cha ajabu, na Mzee Lukas alipenda kusema kwamba Mungu aliniumba akiwafikiria wake za wakubwa. Mmoja wao akinunua viatu vipya huko Ulaya aliniachia mimi nivivae siku mbili tatu ili vilainike, kisha nimpe taarifa: kisigino kinacheza, kidole kidogo kinasuguliwa, ulimi umekaa upande. Nilijiona daktari. Nilikuwa na maringo ambayo leo nikiyakumbuka nayaonea haya.

Kanuni ya kupima alinifundisha Mzee Lukas wiki ya kwanza. Kiatu cha gofu, alisema, hakipimwi sakafuni, maana sakafuni kila kiatu ni kizuri. Mchezaji hatembei tu. Anasimama, anajikunja kiuno chote, na uzito wa mwili unakimbilia ukingo wa nje wa mguu wa mbele huku mguu wa nyuma ukiinuka kwa ncha ya kidole gumba. Kiatu kikiteleza hapo hata kwa upana wa ukucha, mpira unakwenda kwa jirani. Kwa hiyo ukivipokea unakwenda navyo kwenye majani yenye umande, halafu kwenye mteremko, halafu unatembea mashimo tisa hata kama jua linakuchoma utosi, na mwisho unavigeuza kuangalia nyayo, yale meno ya kushikia majani yamebaki mangapi na mshono umesemaje. Ndipo unasema neno lako. Alinionya kwamba mtu akishavaa kiatu kwa neno lako, kuteleza kwake ni kuteleza kwako. Nilicheka, nikadhani ni maneno ya wazee.

Tekla alikuwa kedi, yaani alibeba mabegi ya wachezaji na kuwaonyesha upepo unakotoka. Tulipanga chumba kimoja Kinondoni kwa Bi Zena, mwenyeji wa hapo tangu enzi za mashamba ya minazi, mwanamke aliyeweza kukemea, kukaanga samaki na kupokea salamu kwa pumzi moja. Chumba kilienea kitanda kimoja cha futi nne, jiko la mafuta ya taa, na ndoo mbili. Jioni tulikula ugali na dagaa, au siku Bi Zena akiwa na moyo mweupe tulipata wali na mchuzi wa nazi, naye akikaa mlangoni kutuuliza lini tutaolewa. Jumatatu klabu ilikuwa haina wanachama na makedi waliruhusiwa kucheza. Tekla alijifunzia hapo, kwa fimbo za kuazima, na kwa muda mrefu alicheza pekupeku kwa sababu raba yake moja ilikuwa ya kwendea kazini na kurudia. Nimeona watu wengi wakipiga mpira ule. Sijamwona tena mwingine aliyepiga kimya namna ile, mpira ukaondoka kama umeambiwa pa kwenda.

Mwaka huo klabu ilitangaza kwamba itaajiri mwalimu msaidizi kutoka miongoni mwa makedi, kazi ya mkataba, sare na chakula cha mchana. Waliobaki mwishoni walikuwa wawili, Tekla na Bakari wa Temeke, kijana mpole ambaye hatukuweza hata kumchukia. Wangecheza mashimo kumi na nane Jumatatu moja, kamati ikitazama. Kwa Tekla hapakuwa na Jumatatu nyingine. Mjomba wake alikuwa amepiga simu kwa jirani mara mbili kutoka Masasi, akisema mtoto wa kike hazeeki akibeba mizigo ya wanaume, arudi, kuna mtu ameleta posa. Tekla aliomba asubiriwe mpaka siku hiyo. Akishinda, atabaki. Akishindwa, basi la asubuhi. Alinieleza akichambua dagaa, bila kuinua kichwa, na mie nikamwambia wewe cheza tu, mengine yataona haya yenyewe.

Kati ya chumba cha viatu na chumba cha kubadilishia cha kina mama palikuwa na ukuta wa mbao ambao haukuzuia neno. Jumanne, siku sita kabla ya shindano, niliwasikia wawili wa kamati. Mmoja alisema binti ana mkono, hilo halina ubishi. Mwingine akajibu kwamba mkono anao lakini atatufundishaje sie watu wazima akiwa na raba iliyotoboka kidoleni. Tangazo limesema viatu rasmi, akija bila viatu rasmi hapigi hata mpira wa kwanza. Kisha nikasikia sauti ya tatu, nzito na ya upole, ya Mama Doroth, mwanachama wa siku nyingi. Alisema atamwazima Tekla jozi aliyonayo nyumbani ambayo hajawahi kuivaa. Aliletewa na marehemu mumewe, ni ya kifahari mno, aliiweka kabatini kusubiri siku yenye maana. Akaongeza kwamba angependa sana kuviona vikiwa vyeupe vilevile kwenye shimo la kwanza. Nilibana mdomo nisipige kigelegele.

Kesho yake alinituma nyumbani kwake Mikocheni nikavichukue. Kila nyumba ya mtu aliyejaaliwa wakati ule ilikuwa na kabati la vioo, na ndani ya kabati kulikuwa na vikombe ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kustahili kuvinywea. Mama Doroth alikuwa na hivyo vikombe, na sahani zenye ukingo wa dhahabu, na chini yake sanduku la viatu lenye karatasi laini na vidonge vya naftalini. Alilitoa kwa mikono miwili. Miaka kumi na ushee, alisema, na tazama, havina hata kunyanzi. Nilitazama, nikakubali. Bi Zena naye alipoviona alisema mwenye kutunza hujua thamani, akavinusa, akatuletea embe. Nyumba nzima ya wapangaji ilipita kuvitazama kama mtoto mchanga. Hakuna kati yetu aliyewaza kwamba kiatu kinaweza kufa kwa kutunzwa. Sote tulilelewa hivyo, kitu kizuri kina siku yake, na siku hiyo haijafika.

Mzee Lukas alikuwa amekwenda Newala kumzika dada yake. Tekla alikuwa na kazi mfululizo, kulikuwa na mashindano ya wageni, alitoka alfajiri na kurudi akiwa hoi. Alivijaribu dakika mbili tu, vikamkaa, maana mguu wetu ni mmoja. Akaniachia. Wewe ndiye mwenye fani, alisema, vipitishe kwenye majani Jumapili unipe jibu. Na Jumapili mvua ya masika ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, ikanyesha kama imepewa zabuni. Nilifika klabu. Niliwasha taa ya chumba cha viatu, nikajimiminia chai, nikavitoa vile viatu na kuviweka juu ya meza nikavitazama. Meno ya chuma nilikwishayatoa Ijumaa na kufunga ya plastiki, kwa kuwa mwaka ule klabu ilipiga marufuku chuma. Nje majani yalikuwa yanaelea. Nikiwaza matope mekundu ya kwenye mteremko, na weupe ule, na macho ya Mama Doroth kesho yake, nilivivaa, nikatembea sakafuni.

Nitasema ukweli kuhusu starehe yake, maana nilipima maisha yangu yote baadaye na sikuvaa tena vya namna ile. Ngozi ilikuwa laini mbele na ngumu kisiginoni, inavyotakiwa. Vidole vilikaa na nafasi ya kupumua. Unyayo uliinuka kidogo katikati, ukaujaza mkunjo wa mguu wangu bila kuusukuma. Vilikuwa vyepesi kuliko vilivyoonekana, na kamba zilivuta sawasawa pande zote. Kwa starehe, kumi kwa kumi. Nikasimama kama mchezaji, nikajikunja, nikajikunjua, nikauinua mguu wa nyuma kwa kidole gumba. Hapo kiatu cha kulia kikalia. Sauti ndogo, kavu, kama mtu anayekanyaga ganda la karanga chumba cha pili. Nilisimama. Nikarudia, hakikulia. Nikarudia tena, kikalia. Nilikaa kwenye stuli nikinywa chai iliyokwisha kupoa. Nilijua ninachotakiwa kufanya. Ningevaa koti la mvua, ningetembea mashimo tisa, na ningejua. Lakini nikijua kwamba ni vibovu, tungefanya nini? Jozi nyingine haikuwepo. Nilivua, nikavifuta vumbi ambalo halikuwepo, nikavirudisha kwenye karatasi yake. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi sikutaka kukitazama kidonda.

Jioni Tekla alirudi ameloa chapachapa. Aliuliza kabla ya kuvua kilemba.

"Umevipitisha kwenye majani?"

"Nimevipitisha."

"Vikoje?"

"Viko sawa, shoga. Vaa."

Alivichukua, akavigeuza akaangalia chini, akaviweka kando ya kitanda. Tulikula wali na maharage, tukazima taa mapema.

Jumatatu mvua ilikuwa imekatika na majani yanang'aa. Kamati ilikagua viatu kwenye shimo la kwanza, mmoja wao akainama kabisa kuyaangalia meno. Mama Doroth alisimama na mwavuli uliofungwa, na alipoviona miguuni mwa Tekla macho yake yalijaa maji. Mimi ndiye niliyebeba begi. Tekla alianza vizuri kupita kiasi. Shimo la kwanza sawa, la pili akaingiza mpira kwa mkwaju mmoja, yaani pigo moja, pungufu ya Bakari, la tatu tena akampita. Nilitembea nyuma yake hatua tano nikiwa nimeanza kuupanga mshahara wake wa kwanza kichwani. Tulipokuwa tunaondoka shimo la nne niliona kitu kwenye majani. Kipande cheupe kinachoelekea njano, ukubwa wa punje ya hindi. Mbele yake kingine. Niliinama nikajifanya nafunga kamba, nikakiokota, nikakibana kati ya vidole, kikasagika kama ukoko mkavu wa wali. Kilikuwa unyayo wa kiatu.

Naomba mtu asiniambie kwamba nilikuwa mtoto. Nilikuwa na akili zangu timamu. Ningeweza kumwita kando nikamwambia shoga, viatu vinakufa, tufanye nini. Badala yake nilianza kuokota. Kila alipopita niliinama, na kila nilichookota nilikitia mfukoni mwa sare yangu, na ambavyo sikuvifikia nilivizamisha matopeni kwa kisigino. Nilijiambia vitafika. Nilijiambia nikimwambia sasa atahamaki na mkono utamtoka. Nilijiambia mengi, na chini ya yote hayo nilijua kwamba nikifungua mdomo atauliza jana nilivipimia wapi. Shimo la sita alikanyaga akayumba kidogo, akaitazama ardhi, siyo kiatu. La nane Bakari akapunguza mkwaju mmoja. La kumi Tekla aliniuliza kwa sauti ya chini kama nahisi ardhi inateleza leo. Nikamjibu ni mvua ya jana. Mfuko wangu ulikuwa umejaa.

Shimo la kumi na mbili lina mteremko kuelekea kwenye mfereji. Walikuwa wamelingana. Tekla alisimama mguu wa kushoto chini, akapumua, akazungusha fimbo, na nikauona unyayo wa kushoto ukibaki pale ulipokuwa huku mguu ukienda zake. Alianguka kwa ubavu. Mpira ulikwenda mferejini. Watu wa kamati walikimbia, Bakari naye alikimbia, Mama Doroth akabaki juu ya kilima ameshika mdomo, akirudia kwamba vilikuwa vipya, vilikuwa vipya kabisa. Kiatu kilikuwa kimepasuka kutoka kidoleni hadi kisiginoni na ndani yake hamna kitu, unga mtupu. Niliufungua ushungi wangu nikaupasua, nikamfunga mguu na kiatu pamoja kama wanavyofunga mtu aliyevunjika. Alisimama mwenyewe, akaichukua fimbo. Alimaliza mashimo yote. Alishindwa kwa mikwaju miwili.

Hakuna aliyenilaumu. Mama Doroth alijilaumu mwenyewe, akakaa wiki nzima bila kuja klabu, na nasikia vikombe vya kabatini akavigawa. Mzee Lukas aliporudi aliusaga unyayo kiganjani, akasema gundi na mpira wa namna hii huoza ukikaa bila kukanyagwa, hasa kwa joto letu la pwani. Kisha akaniuliza swali moja, ulivipima majanini, nami nikamjibu ndiyo, na yeye akatazama dirishani, hakuniuliza tena. Alhamisi nilimsindikiza Tekla kwenye basi la Masasi. Bi Zena alimfungia vitumbua. Tekla alinikumbatia, akaniambia nisiache kula vizuri. Bakari alikuja kuwa mwalimu mzuri, wa haki, akafundisha miaka mingi. Kila nilipomwona akimshika mtu mkono kumwonyesha fimbo inavyokaa nilikuwa nageuza uso.

Sasa Tekla alikuwa amekaa kwenye mkeka wangu Mabibo, mchana wa siku ya pili, tunakula wali wa nazi na kisamvu. Nimefika umri ambao marafiki wanazikwa bila taarifa, na niliona nikikaa kimya tena nitakaa kimya moja kwa moja. Nikamwambia sikuvipitisha kwenye majani. Nilivitembeza sakafuni, mvua ikanishinda, nikakudanganya. Aliendelea kutafuna. Akameza, akafuta vidole.

"Nilijua, Mwaju," alisema. "Mvua imenyesha tangu alfajiri, viatu vikavu, vinanuka naftalini. Mie kedi bwana, nisijue kiatu kilichotoka majanini?"

Nilimuuliza kwa nini alivivaa. Alisema aliona nimeogopa kuvichafua, na yeye mwenyewe angeogopa. Tena tusingekuwa na vingine. Alishanisamehe ndani ya basi, kabla hawajafika Kibiti, na alidhani naliwaza hilo mpaka leo kwa ujinga wangu tu. Akacheka, akanisukuma bega, akaongeza kisamvu. Nilikuwa nimeshushiwa mzigo wa miaka ishirini na saba, na ningeweza kuishia hapo. Mwili wangu wote ulitaka niishie hapo. Wali ulikuwa mtamu, rafiki yangu anacheka, binti yake anaolewa Jumamosi. Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba si hilo tu. Nikamwambia kiatu kililia nikiwa bado chumbani. Nikamwambia habari ya vipande nilivyokuwa nikiokota na kutia mfukoni, na vile nilivyovizamisha kwa kisigino.

Aliacha kula. "Ulianza kuviona wapi?"

"Shimo la nne."

"La nne." Alivua miwani, akaishika mapajani. "La nne nilikuwa mbele kwa mikwaju miwili. Walikuwa wameshakagua, Mwaju. Ungeniambia ningevua. Pekupeku ndiyo niliyoizoea."

Hakunifokea, wala hakuhama kwenda kwa ndugu zake. Tulikwenda harusini pamoja, sare ya kitenge kimoja, akanitambulisha kwa wakwe kuwa huyu ndiye tuliyekula naye ugali mmoja. Jumapili asubuhi nilimsindikiza stendi. Kabla hajapanda nilimshika mkono, nikamwomba msamaha kwa maneno yaliyonyooka, msamaha wa shimo la nne. Watu walikuwa wakitupita na mabegi.

"Nimekusikia, dada," alisema, akapanda.